Kurasa Kumi na Nne

Blanchard alikuwa amelala chali ndani ya depo, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe, kichwa kimepasuka upande wa kushoto. Kando yake lilikuwa jiwe la mizani la kilo tano, lina damu na nywele. Mlango haukuvunjwa. Kufuli ilikuwa nzima. Sanduku la mauzo halikuguswa.

Daktari alivua glavu zake. "Pigo moja tu. Ule aliyemupiga alikuwa mbele yake, banaangaliana. Na hakukinga hata mukono."

"Saa ngapi?" aliuliza Inspekta Denise.

"Jana mangaribi. Kati ya saa kumi na moja na saa moja."

Denise aliandika. Hiyo ndiyo ilikuwa habari njema pekee ya asubuhi ile, maana mengine yote yalikuwa yameshavurugwa kabla hajafika. Askari wa zamu walikuwa wamemkamata mtu tayari. Honoré, dereva wa depo, alitolewa kitandani saa moja asubuhi katika kambi ya waliokimbia vita vya Djugu, mbele ya mkewe na watoto, akaburutwa mpaka komisaria ya polisi.

Na Blanchard alikuwa mtoto wa Bogoro. Huku Ituri, Bogoro na Djugu wamezikana kwa miaka; maelezo zaidi ya hapo hayahitajiki. Maiti ni ya Bogoro, mshukiwa ni wa Djugu: kufika saa mbili, vijana kama arobaini walikuwa wameegesha pikipiki zao mbele ya komisaria, na hawakuja kutoa pole.

Simu ikalia. Alikuwa komanda.

"Denise, dossier ya ule dereva iende parquet, ku ofisi ya mashitaka, saa tisa. Atapandishwa mu pickup."

"Mon commandant, akitokea ku ile mulango, parquet hataiona. Batamutoa mu gari na kumuchoma."

"Basi uniletee mwingine mbele ya saa tisa."

Akakata. Wakubwa wana raha zao.

Depo lenyewe lilikuwa la dawa za mifugo, katika mtaa wa Lumumba, na mwenye depo aliitwa Mama Ornella. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti kubwa, ila asubuhi ile sauti ilikuwa imekauka. Yeye ndiye aliyeuona mwili alipofungua saa kumi na mbili.

"Nani iko na funguo?"

"Miye, na Papa Ephraïm, magasinier. Jana nilitoka saa kumi. Blanchard alibaki, alikuwa anamalizia ile application mu ordinateur."

"Application gani?"

Mama Ornella alieleza. Alikuwa amechoka na kalamu na madaftari. Blanchard, fundi wa kompyuta aliyetoka chuo kikuu mwaka jana, akamletea programu ya kazi: mfanyakazi akifika anafinya simu yake, inaandika saa na mahali alipo, hata akiwa njiani. Jumatatu Blanchard alikusanya simu za wote, akaiweka mwenyewe, akazirudisha.

"Na Honoré, juu ya nini banasema ni yeye?"

"Alikataa application, alisema inamufuata sawa vile mbwa. Jana saa sita alimukamata Blanchard ku kola mbele ya bateja. Akamwambia: utaona." Mama Ornella alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini miye, Mama Inspecteur, sijui. Honoré iko na mudomo. Mukono, sikujua."

Nje ya geti, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mzee mwembamba amevaa koti la kanisani. Ndiye Ephraïm, mtunza ghala. Kila asubuhi yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na leo pia alikuwa amefika wa kwanza, ila hakuingia.

"Ingia, muzee, tuongee mu kivuli," Denise alimwambia.

"Hapana, mama. Niko muzuri hapa."

"Unafanya nini mu depo?"

"Nilikuwa magasinier. Miaka makumi mbili na sita."

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Nilimuacha Blanchard ku ordinateur yake."

"Aligombana na mutu?"

"Honoré alimukamata kola. Bote baliona." Mzee aliinamisha kichwa. "Lakini Honoré aliondoka na gari, kwenda Boga. Boga iko mbali."

Denise akamshukuru, akaenda zake. Ndiyo, hata yeye lilimpita lile neno. Ungekuwa na maiti ndani, umati nje na saa mkononi, ungelisikia wewe?

Katika selo ya komisaria, Honoré alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Jicho moja limevimba. Askari wa zamu walikuwa wameshamhoji kwa namna yao.

"Jana mangaribi ulikuwa wapi?"

"Ku route ya Boga. Gari iliharibika, nikatengeneza peke yangu. Nilirudi saa mbili ya usiku."

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Mungu hatakuja parquet kushuhudia. Unipe telefone. Ile application inaandika mahali ulikuwa."

Honoré alimtazama kwanza bila kuelewa. Kisha akaelewa, akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Nilishaifuta. Jana saa sita, palepale, mbele yake. Aa, mama yangu! Ingekuwa inaniokoa!"

"Juu ya nini ulimwambia utaona?"

"Hasira. Batu ba kambi yetu, mutu akitufuata tunajua inaishaka namna gani." Akashusha sauti. Kelele za pikipiki zilipenya ukutani, vijana wakizikanyaga zingurume bila kwenda popote. "Mama Inspecteur, niko na batoto tatu. Lakini unisikilize muzuri: bakiniua, haitaishia kwangu. Bale ba kambi batatoka, na bale ba Bogoro batatoka. Unajua."

Denise alijua. Alikuwa mtoto wa hapahapa. Aliogopa, na hakuona haya kujiambia kwamba anaogopa.

Alirudi deponi saa tano, akaanza upya. Alipiga magoti, akapekua chini ya magunia, nyuma ya mizani, chini ya meza ya kompyuta. Brigadia Constant, ambaye miaka kumi na tisa ya upolisi ilimfundisha kuchoka kabla ya kuanza, alishika tochi huku akiguna.

"Chef, hapa tulishaangalia."

"Uliangalia na macho gani? Hii ni nini?"

Zilikuwa karatasi zilizobanwa pini, zimeteleza nyuma ya gunia. Kurasa kumi na nne za Kifaransa, herufi ndogo kama siafu. Yalikuwa masharti ya ile programu, yale ambayo mtu huonyeshwa kabla ya kufinya J'accepte, yaani Nakubali. Neno moja lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu ya bic nyekundu kila lilipotokea. Denise akahesabu. Mara thelathini na moja.

Licencié.

"Iko clair," alisema Constant, akaamka kidogo. "Blanchard alikuwa licencié. Licencié wa informatique. Mutu alimuonea wivu juu ya diploma yake."

"Mutu mwenye wivu anasoma kurasa kumi na nne?"

"Hapo sijui."

"Weye ulishasoma hizi condition hata siku moja?"

"Miye?" Constant alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Ku nyumba yetu muke yangu ndiye anafinyaga."

Denise akawaita wafanyakazi wote waliokuwa ndani, mmoja mmoja, pamoja na mama mwenye depo. Swali lilikuwa moja: kabla ya J'accepte, nani alisoma? Walimtazama kama aliyewauliza nani kahesabu majani ya mti. Msichana wa kuuza hakujua hata kama kuna kitu cha kusoma. Mlinzi alisema yeye akiona maandishi mengi anashusha kidole upesi mpaka chini.

"Nani anasomaka ile?" Mama Ornella alisema. "Unafinya, unaendelea. Blanchard mwenyewe alisema hajasoma. Nilimuuliza lundi, ile siku aliweka application, akasema, patronne, nikisoma yote nitazeeka."

Hayo ndiyo mambo yetu. Tunamnunua mbuzi ndani ya gunia, na gunia lenyewe hatulifungui hata tukifika nyumbani. Denise mwenyewe alikuwa amekubali mara ngapi? Hakumbuki hata moja.

Basi kati ya watu hawa wasiosoma, mmoja amesoma. Amesoma mpaka mwisho, na ameshika kalamu.

"Mama Ornella, jana na leo hakuna kitu kingine uliona? Hata kidogo?"

"Hakuna. Ni ile inventaire tu."

"Inventaire gani?"

"Ku meza yangu. Nilikuta funguo ya depo na karatasi. Nilijua Papa Ephraïm amefanya hesabu ya mwezi."

Denise aliingia ofisini. Funguo zilikuwa zimewekwa sawasawa katikati ya meza. Chini yake karatasi nne za mwandiko mzuri wa shule ya zamani: chanjo chupa ngapi, chumvi magunia mangapi, mabomba ya sindano mangapi, mizani moja, mawe yake sita. Mwishoni tarehe ya jana na sahihi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: REMISE ET REPRISE.

Akakaa kwenye kiti cha Mama Ornella bila kuomba ruhusa.

Nchi hii mtu hafanyi remise et reprise kwa kujifurahisha. Paroko akihamishwa parokia anafanya. Mkuu wa shule akiondolewa anafanya. Unamkabidhi anayekuja kila kijiko, unatia sahihi, unatoka na heshima yako, asije mtu kesho akasema umeiba. Ni karatasi ya anayeondoka.

"Mama, ulimufukuza Papa Ephraïm?"

"Nimufukuze Ephraïm? Uko na malaria? Ule muzee ndiye depo!"

"Ulimwambia apumzike? Ulimutafutia mwingine?"

"Hapana! Kamwe!"

Nilikuwa magasinier. Sasa lile neno likarudi, likamchoma. Nilikuwa. Na mzee aliyekataa kuvuka geti la kazi yake ya miaka ishirini na sita.

Denise akazifungua tena zile kurasa, na safari hii hakuruka. Maana licencié, hapa mjini Bunia, ni neno la sura mbili. Kijana akirudi kutoka chuo akasema niko licencié, mama yake anapiga vigelegele. Baba akirudi kutoka kazini akasema niko licencié, watu wanamtafutia kiti, kwa kuwa amefukuzwa. Constant aliiona sura ya kwanza. Kuna mtu aliyeiona ya pili.

Alisoma kwa dakika hamsini, kidole chini ya mstari. Mara mbili Constant aliingia kumwambia saa. Mara ya tatu alisema vijana wamefika mia, na wameleta petroli.

Alipomaliza alivuka barabara mpaka kwa Élise, dada wa bureautique, anayechapa barua na kutoa fotokopi. Akamwonyesha.

"Ni Papa Ephraïm," Élise alisema hapohapo. "Mardi, siku nyuma ya lundi. Nilimwambia, muzee, hii hakuna mutu anaprintaka. Akasema macho yake haione mu telefone. Akaomba na bic ya rouge."

Saa nane na robo walikuwa komisaria, chumba cha nyuma: Denise, Constant, Mama Ornella, na Papa Ephraïm na koti lake. Kelele za nje ziliingia zote. Kuna aliyekuwa akipiga geti kwa jiwe, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Papa Ephraïm, juu ya nini ulifanya remise et reprise?"

Mzee alinyoosha kola ya koti lake.

"Mutu anafanya ile wakati anaacha kazi. Nani alikufukuza?"

"Karatasi iko mu mikono yako, mama."

"Ephraïm!" Mama Ornella aliruka. "Nani alikufukuza weye?"

"Usinitese, mama. Nilisoma." Hakumwangalia. Akaanza kusema kwa moyo, kama mtoto wa katekisimu. "Kila mutu aliyefinya J'accepte anakuwa licencié. Page ya kwanza. Licencié atarudisha mara moja yote aliyopewa. Page ya tano. Licencié hana haki ya indemnité, ya malipo yoyote. Page ya kumi na moja. Miaka makumi mbili na sita, mama, na sina haki ya kitu. Na si miye niliyefinya! Lundi nilikuwa ninapanga vaccin. Blanchard akachukua telefone yangu, akafinya, akanirudishia. Akasema, tayari, muzee."

Mama Ornella alifungua mdomo. Denise akamwinulia kidole: bado.

"Ukafanya nini?"

"Nilirudisha yote. Nimeandika. Haikosi hata sindano moja."

"Kisha?"

Jiwe lilipiga geti. Likapiga tena. Sauti ya kijana ikapaa juu ya nyingine, ikilitaja jina la Honoré na la kambi yao.

"Banamutaka ule mutoto," Ephraïm alisema.

"Saa tisa anatoka. Iko minuti makumi tatu."

"Batamuua?"

"Weye ni muzee ya Ituri. Unaniuliza miye?"

Ephraïm aliinua uso.

"Asikufe kwa ajili yangu. Ni miye."

Constant aliacha kuegemea ukuta.

"Sema yote, Papa. Polepole."

"Nilimaliza kuandika, nikaweka funguo ku meza ya mama. Nikasema, siwezi kwenda bila kumuuliza. Ni mutoto ya kwetu Bogoro, nilimubeba, baba yake alikuwa rafiki yangu. Nikamukuta amesimama karibu ya mizani. Nikamuonyesha neno. Nikamuuliza: Blanchard, mutoto yangu, ni kweli niko licencié?" Akaonyesha ukurasa kwa kidole. "Hakusoma. Hata mustari moja hakusoma. Aliangalia lile neno tu, akacheka. Akaninyooshea mukono. Akasema: félicitations, hongera, muzee! Sasa tuko sawa, weye na miye!"

"Ukampiga."

"Mutu amekula kazi yako, na anakupa félicitations! Anacheka! Jiwe lilikuwa palepale. Sikujua nimelishika. Nilijua wakati alishaanguka." Akafunika uso. "Nikafunga mulango na funguo, nikairudisha ku meza, nikapita ku ile mulango ndogo ya ofisi, inajifungaka yenyewe. Nikaenda nyumbani. Muke yangu akaniwekea chakula. Sikuweza."

Denise aliinuka. Mengine yangengoja.

Alitoka getini mwenyewe, bila bunduki, Constant nyuma yake akisali kwa sauti ya chini. Mbele kabisa alisimama Étienne, kaka mkubwa wa Blanchard, macho mekundu, jiwe mkononi.

"Utoe ule muuaji, mama!"

"Muuaji iko ndani, na amekiri. Lakini si Honoré. Honoré hakuwa hata mu muji."

"Uongo! Bamekupa nini bale ba Djugu?"

"Étienne. Ni Papa Ephraïm."

"Ephraïm nani?"

"Ephraïm yenu. Wa Bogoro. Magasinier."

Étienne alicheka kwa chuki, kisha akaacha. Alitazama nyuma ya Denise. Mama Ornella alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kichwa kwa mikono miwili, analia, na hakuna mtu wa Bogoro asiyemjua Mama Ornella: hakuwa wa kulia machozi ya uongo. Jiwe likamtoka Étienne mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Ule aliyemubebaka?" Pikipiki moja ikazimwa, halafu nyingine. Walikuwa wamekuja na hasira ya kumpelekea mtu fulani, sasa hawakujua waipeleke wapi.

Saa tisa kasorobo Honoré alitolewa kwa mlango wa nyuma. Mkewe alikuwa hapo. Honoré hakusema asante, wala Denise hakuidai. Jicho lake lilikuwa bado limefumba kwa ngumi za polisi. Alimshika mke mkono, wakaenda upesi.

Denise akarudi ndani kuandika maelezo. Ephraïm alikuwa ametulia, ametulia kupita kiasi, mikono juu ya meza.

"Mama Inspecteur. Weye umesoma yote?"

"Yote kumi na nne."

"Siye bawili tu, basi." Akatikisa kichwa. "Sasa mama patronne anasema hakunifukuza. Nilikosea wapi?"

Denise angeweza kumwachia hakimu kazi hiyo. Alitamani. Lakini mzee alikuwa ameuliza, na kwa siku tatu alikuwa amezunguka na lile neno peke yake, hakuna wa kumuuliza ila mtu mmoja ambaye hakulisoma.

"Page ya tatu, Papa. Imeandikwa: licencié anaweza kutumia programu ku telefone moja. Page ya sita: licencié asiigawie mutu mwingine. Mutu aliyefukuzwa anaruhusiwa kutumia nini? Mule ndani licencié ni mutu aliyepewa ruhusa. Ile ya kurudisha, ni programu akiiacha. Ile ya indemnité, ni telefone ikiharibika. Ni ruhusa tu. Kazi haimo."

"Haimo?"

"Haimo hata mara moja."

Mzee alizivuta zile kurasa, akaitafuta ya tatu, akasoma midomo ikicheza. Alisoma mara mbili. Akazisukuma pembeni taratibu.

"Na Blanchard? Yeye alijua?"

"Hapana. Alidhani unamuambia mambo ya diploma."

"Diploma gani? Miye nilifika darasa la sixième tu."

"Alidhani umesoma kwa siri, ukiwa muzee, na umemaliza. Umepata licence ya université sawa yake. Ndiyo sababu alicheka, Papa. Alifurahi."

Uso wote wa mzee ukavunjika.

"Alikuwa ananipongeza," alisema. "Mutoto alinipa mukono, na miye sikuupokea."

Akaegemeza kichwa mezani, akalia kwa sauti, bila kujificha, hata wale waliobaki getini wakamsikia.